Nani Atamshika Amosi

Tello Zamarripa alianza kumchukia Wendell Tollefson kabla hajamtia machoni. Habari zake alizipata mezani kwa Briseida, Jumapili moja majani yalipokuwa yanaanza kupukutika, mama huyo akigeuza tortila, chapati zao za mahindi, kwa vidole vitupu juu ya chuma cha moto kana kwamba vidole si vyake.

"Umemsikia huyo Mmarekani mpya, shemeji?" Briseida akasema. "Mweupe pe, hata kope nyeupe. Jana nipo chumba cha kufulia, nasikia mtu ananiambia, 'Dada, mashine hiyo mwizi, inakula hela, tumia hii ya pembeni.' Kihispania safi! Nikageuka huku, nikageuka kule, natafuta mtu wa kwetu. Kumbe ni lile jitu lililosimama pale na ndoo ya sabuni!"

Mumewe, Nicanor, akacheka hadi akapaliwa na maharage. Tello naye akacheka, maana mezani kwa watu huwezi kununa peke yako, lakini tortila iliyokuwa kinywani mwake ikawa kama kadibodi.

Msimlaumu upesi. Seminari ya Kilutheri walikosomea Tello, Nicanor na huyo mgeni imekaa juu ya kilima, katika mji mdogo wa Iowa, na chini ya kilima kuna kiwanda cha nyama ya nguruwe. Kiwandani wamejaa Wameksiko na Waguatemala. Kilimani wamejaa wajukuu wa Wajerumani na Wanorwe, watu wema wa kula viazi na mchuzi mweupe, wanaoimba sauti nne bila kutikisa bega. Mwaka wake wa kwanza Tello alikuwa Mlatino pekee kilimani. Picha yake ilitiwa katika kila kipeperushi cha seminari, akicheka na Biblia kwapani, hata aliyekiona angedhani mahali pale pamefurika akina Zamarripa. Darasani walimu walimgeukia na kumwuliza watu wake wanalionaje jambo hili au lile, naye akajibu kwa niaba ya mamilioni, kisha akaenda kula peke yake.

Halafu wakaja Nicanor Olvera na mkewe kutoka Jalisco. Jioni moja korido ya wanafunzi wenye ndoa ilinuka pilipili kavu zikikaangwa, Tello akaifuata harufu ile mpaka mlangoni, akabisha hodi na kusingizia anaazima chumvi. "Chumvi ya nini? Ingia ule," Nicanor alimwambia. Tangu siku hiyo Jumapili zake zote zilikuwa pale.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kihispania cha Tello kilichechemea. Alizaliwa Texas, karibu na mto wa mpakani. Mama yake alichapwa shuleni kwa kusema Kihispania, akaapa mwanawe hatachapwa, na kweli hakuchapwa. Alibaki na maneno ya jikoni kwa bibi na babu: majina ya vyakula, matusi mepesi na sala. Briseida alimcheka hadi machozi yakamtoka, lakini kilikuwa kicheko cha nyumbani, hakikumuuma. Sasa anakuja mtoto wa mkulima wa mahindi kutoka Nebraska, aliyepeleka ujana wake Bolivia kuchimba visima vya misheni, anakisema kama maji.

Jumapili iliyofuata Wendell alikuwa mezani. Alikuja na maua na keki, akapiga hodi taratibu, akasubiri aambiwe aketi wapi. Ubaya wake ni kwamba hakuwa na ubaya. Tello alimtafutia kiburi hakukiona. Tello alipokwama katikati ya hadithi yake akitafuta neno, Wendell alimsogezea neno hilo polepole, chini kwa chini, kama mtu anayekusogezea sahani, ili asimfedheheshe. Hilo ndilo lililomkata maini. Angemcheka angalau wangegombana. Kumpiga mtu anayekuhurumia huwezi.

"Wewe umejifunzia wapi mambo haya?" Nicanor akamwuliza Wendell, akimpiga bega. "Hebu useme tena lile la yule padri na punda!"

Wendell akarudia lile la padri na punda, nyumba nzima ikalia kwa kicheko. Tello hakulielewa vizuri. Akacheka kuliko wote.

Theluji ilipoanguka, Briseida alikuwa na mimba kubwa. Na uchungu ulipomshika, aliyeitwa ni Tello, si Wendell. Ni gari la Tello lililopita katika barafu hadi hospitali, ni Tello aliyekaa na Nicanor kwenye viti vya plastiki wakila chipsi za mashine, ni Tello aliyekuwa wa pili, baada ya baba, kulishika lile furushi jekundu linalopiga kelele. Wakaliita Amosi. Tello alirudi chumbani kwake ana hakika moja moyoni: msimamizi wa ubatizo wa mtoto huyu, yule ambaye kwao huitwa padrino, ni yeye.

Kwao padrino si cheo cha kwenye cheti. Ukishamshika mtoto wa mtu kwenye maji ya ubatizo, wewe na baba yake mnaitana kompadre hadi kaburini, na hata mkigombana mnagombana kwa heshima. Lakini cheo hicho hakiombwi. Unangoja uombwe. Tello akangoja. Mjini alikwisha kuliona gauni jeupe la ubatizo kwenye dirisha la duka la Mmeksiko, akaliulizia. Na, aibu iliyoje, alisimama mbele ya kioo cha bafuni akafanya mazoezi ya kushangaa, ili siku akiombwa asionekane alikuwa akitazamia.

Siku yenyewe ikafika. Nicanor aliweka kijiko chini, akasafisha koo.

"Ndugu zangu, mimi na mama watoto tuna neno."

Tello akakaa wima, akauweka tayari ule uso wake wa mshangao.

"Wendell," Nicanor akasema, "tunakuomba utushikie Amosi. Uwe padrino wake."

Wendell akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema ndiyo. Wakainuka, wakakumbatiana, kompadre huku, kompadre kule. Ule uso wa mshangao ukabaki kwa Tello hivyo hivyo, hauna kazi.

"Na wewe shemeji," Briseida akamgeukia, akimfuta mtoto mate, "huyu umfundishe mambo ya padrino wa kwetu. Huko Bolivia wana yao. Usije ukaniachia akatuaibisha mbele ya Bi Chayo wa kanisani, unamjua mdomo wake."

"Niachie mimi," Tello akasema.

Wiki ile hakulala vizuri wala hakula vizuri. Alijipitishia kila sababu. Labda wamemchagua kwa sababu ni mweupe, na kompadre mweupe ni mali. Labda kwa sababu ya Kihispania: mtoto atasemeshwa nini na padrino asiyejua hata kumaliza hadithi ya punda? Hiyo ya pili ilimuuma zaidi kwa kuwa aliiona ina ukweli. Wakati huohuo zamu yake ya kuhubiri darasani ikafika, akapangiwa Sauli na Daudi. Alihubiri juu ya Sauli akisikia nyimbo za wanawake wakimsifu kijana mwingine, akahubiri kwa moto hata mwalimu akavua miwani. "Umemwelewa mfalme huyu kwa namna ya pekee," mwalimu alimwambia. Tello akashukuru na kukaa.

Somo la padrino alimpa Wendell kwenye kantini ya maktaba, kwa Kiingereza, ili kwa mara moja wawe sawa.

"Nguo ya mtoto unanunua wewe," akamwambia. "Nyeupe. Na mshumaa."

"Nguo, mshumaa," Wendell akarudia, akiandika kiganjani.

"Unamshika kwenye birika la ubatizo. Akilia, usimrudishe kwa mama. Ukitoka hapo unawakumbatia wazazi, na tangu hapo usimwite tena Nicanor jina lake."

"Kompadre."

"Ndiyo hivyo."

"Na baada ya ibada? Kuna kitu natakiwa kufanya?"

Hapa Tello alikunywa kahawa yake kwanza. "Baada ya ibada ni kula tu," akasema.

Uongo. Baada ya ibada kuna bolo, na kila aliyezaliwa katika watu wale anaijua bolo kabla hajajua Baba Yetu. Mkitoka na mtoto aliyebatizwa, watoto wote wa usharika wamekwisha kuziba mlango, wanapiga kelele wakiidai, na padrino anachota sarafu mfukoni, anazirusha juu, watoto wanazigombania. Padrino asiyetoa kitu anazomewa palepale, na jina la ubahili linamganda maisha yake yote. Wazee wengine husema hata mtoto mwenyewe atakuwa mkavu wa riziki. Tello alijua. Utotoni aligombania sarafu hizo mlangoni mwa kanisa la babu yake hadi akatoka damu puani, akajiona tajiri.

Kesho yake alikwenda benki akavunja noti, akajaza mfuko wa kitambaa sarafu tupu. Alijiambia anafanya hivyo kwa ajili ya Amosi, asije mtoto akakosa bolo yake. Mwenye kijiba cha roho hakosi sababu nzuri. Ukweli ni kwamba alitaka kuuona uso wa Wendell pale mlangoni, mbele ya wote, hajui la kufanya, na Kihispania chake chote kisimfae kitu. Kisha yeye, Tello, ajitokeze.

Ubatizo ulifanyika chini ya kilima, katika usharika wa wafanyakazi wa kiwandani alikokuwa akihubiri Nicanor. Wendell alivaa suti ya kijivu iliyomfupia mikono. Alimshika Amosi kama yai, na mchungaji alipomwuliza maswali, alijibu kwa sauti iliyofika nyuma kabisa, kila neno limenyooka. Wanawake wakatazamana kwa kuridhika. Tello alikaa mstari wa pili, koti limevutwa upande mmoja kwa uzito wa sarafu, akahesabika msharika tu kama washarika wengine.

Milango ikafunguliwa. Watoto wamekwisha kujipanga kwenye ngazi, makoti yao mazito, pua zinachuruzika.

"Bolo! Bolo, padrino! Tupe bolo!"

Wendell akatabasamu, akawapungia mkono kama diwani.

"Bolo! Bolo!"

Akawapungia tena. Tabasamu likaanza kupungua. Msichana mmoja mwenye kofia ya sufu akaanzisha wimbo, wenzake wakaudaka: "Padrino mkono wa birika! Padrino mkono wa birika!"

Bi Chayo, aliyeuza tamale za unga wa mahindi mlangoni pale na ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, akashika kiuno. "Haya, jamani, huyu padrino ni wa kutoa au wa kutazama? Mmemwazima kwenye duka la nguo kama sanamu nini, mtamrudisha kesho?"

Watu wakacheka, wengine wakafunika vinywa. Nicanor akajipapasa mifuko, hana ila funguo. Briseida akainama kumfunika mtoto ambaye amefunikwa tayari. Na Wendell, shingo imeiva, akageuka kushoto na kulia akitafuta mtu wa kumwambia ni nini kinachotakiwa. Macho yake yakamfikia Tello, yakamwomba.

Tello aliuonja ushindi ule. Ulikuwa mtamu. Aliuacha ukae kinywani kidogo zaidi ya alivyokusudia, na hilo analijua yeye. Ndipo akasogea mbele, akafungua mfuko, akachota, akarusha.

Sarafu zilipaa, zikaanguka kwenye theluji na kwenye ngazi zikilia. Watoto wakajitupa juu yake kwa vigelegele. Akarusha tena, na tena, mkono mzima. "Padrino aishi! Padrino aishi!" walipiga kelele, na walikuwa wakimtazama yeye.

Chini ya kanisa kulikuwa na ukumbi, na ukumbini birria, mbuzi aliyechemka na pilipili kavu hadi nyama ikaachana na mfupa. Tello alikuwa hajamaliza bakuli la kwanza Wendell aliposimama na kugonga glasi.

"Ndugu zangu," Wendell akasema kwa Kihispania kile, "leo nilikuwa karibu kumwaibisha Amosi. Yaliyonipita mimi, Tello aliyaona. Hakusema kitu. Alikuja amejiandaa. Ndugu yangu Tello ameniokoa."

Ukumbi ukapiga makofi. Tello akatazama mbuzi wake.

Nicanor naye akasimama, mkono begani kwa Wendell. "Na mimi niseme, maana nimeulizwa sana. Wameniuliza, mbona hukumwomba Tello? Nyumbani kwenu yuko kila siku, mbona umemruka? Sasa sikilizeni. Huko kwetu, kwenye ukoo wangu, padrino anatafutwa nje, ili aingie ndani. Huyu Wendell hana mtu hapa. Tukimsahau Jumapili anakula mkate na siagi ya karanga, amesimama dirishani. Nimemtia ndani. Lakini Tello nimwombe nini? Ndugu haombwi ukompadre. Huyu nilimwita ndugu tangu alipokuja na uongo wake wa chumvi, na mke wangu anamwita shemeji, mlidhani tunatania? Amosi akianza kusema, huyu ni baba yake mdogo. Basi."

Makofi yakarudi, makubwa zaidi, na Bi Chayo akapiga kijiko kwenye sufuria. Tello alitaka kulia na alitaka kujificha, akaona la kujificha ndilo rahisi. Akakusanya masufuria, akaenda jikoni.

Shemeji! Ndugu! Alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu siku ya kwanza, akayapita. Pale kilimani kila mtu anamwita kila mtu ndugu, hata msimamizi wa bweni anayekutoza faini. Alikuwa amepewa kitu, akakaa juu yake kama kiti, huku akikililia kile cha jirani.

Briseida akaingia, mtoto begani, akafunga mlango kwa kisigino.

"Shemeji, ulimwambia habari za bolo?"

"Nilisahau."

"Ulisahau kumwambia, ukakumbuka kubeba mfuko mzima."

Tello akasugua sufuria lililokwisha kutakata.

"Niangalie ninaposema nawe. Mume wangu simwambii, ana furaha, nimwache nayo. Na wewe sikufukuzi, huna pa kufukuziwa, ni wa humu. Ila yule pale nje ulimvua nguo mbele ya watu, halafu amesimama akakushukuru. Mimi nilitamani nizame. Nenda kamwambie."

"Atanionaje?"

"Atakuona ulivyo. Sisi tumeshakuona, na chakula tunakupa."

Wendell alikuwa peke yake ukumbini upande wa mbali, anakunja viti vya chuma na kuviegemeza ukutani. Tello akamsogelea, akashika kiti kimoja kwanza, ili mikono ipate la kufanya.

"Nilijua habari za bolo," akasema. "Siku ile kantini. Uliniuliza, nikakwambia ni kula tu. Nilitaka uzomewe."

Wendell akabaki na kiti nusu kimekunjwa. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Tello aliuona uso ule hauna wema wowote ndani yake. Ulikuwa uso tu, umechoka, una hasira.

"Uliniacha vile," akasema.

"Nilikuacha. Nikakuangalia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulipewa mtoto wangu."

Wendell akakikunja kiti kile hadi mwisho, kikalia kwa nguvu, akakitupa juu ya vingine. Tello akangoja tusi, na alilistahili. Wendell akatazama mlango wa jikoni, kisha akashusha sauti.

"Nilikuona," akasema. "Siku ile mezani, Nicanor aliposafisha koo. Ulikuwa umekaa wima kama bwana harusi. Nikajua kabisa neno linalokuja ni lako. Halafu likaja kwangu. Ningeweza kusema, 'Jamani, mwombeni Tello.' Nilikuwa nalo ulimini. Nikasema ndiyo haraka haraka, wasije wakabadili mawazo."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikafurahi kuona umeumia. Kidogo. Si kidogo."

"Lakini wewe una kila kitu! Unaongea kuliko mimi, wanacheka nawe, wanakupenda, lile la punda..."

"Tello, mimi nabisha hodi!" Wendell akasema, na sasa sauti ilimpanda. "Kila Jumapili naja na maua kama mgeni wa posa, nabisha, naambiwa nikae wapi. Wewe unaingia na viatu vyenye theluji, unafungua friji yao. Unafungua friji, unanusa vibakuli, unauliza, 'Hii ya lini?' Briseida anakutukana. Mimi hajawahi kunitukana. Unajua nimeionea wivu friji ile kiasi gani?"

Tello alitaka kukasirika, maana alikuwa na haki. Miezi mingi huyu mtu alimtesa kwa upole, na kumbe chini ya upole kulikuwa na hili. Akaitafuta hasira yake, lakini alichokipata ni kitu kama ahueni. Tangu apande kilima kile alikuwa ameishi katikati ya watu wema, wema wa kuchosha, wanaomwombea kwa jina na kumpisha mlangoni, na katikati yao alijiona yeye peke yake ndiye mwenye roho mbaya. Leo amepata mwenzake.

"Wewe ni mtu mbaya, Wendell," akamwambia.

"Mbaya sana," Wendell akakubali.

"Shika upande huo, meza hii nzito."

Wakainua meza.